Roketi imeahirishwa ikijazwa mafuta: maswali ambayo watu wa Nairobi hutuuliza kila mara

Roketi kubwa ikikaribia kuruka, simu za sisi tunaofuatilia mambo haya hujaa ujumbe. Mwanzoni ni wa furaha. Baadaye, saa ikishasimamishwa na mtangazaji akaanza kurudia maneno yaleyale, ujumbe hugeuka kuwa maswali: kumeharibika nini, tungoje au tulale, mbona wanatupotezea muda? Tumekusanya hapa yale yanayojirudia zaidi. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe linastahili kuelezwa vizuri. Saa zote ni za Afrika Mashariki, zimeandikwa tunavyozitaja sisi wenyewe.

Nimengoja jioni nzima, halafu wakasema haitaruka leo. Kwa nini matatizo huzuka wakati wa kujaza mafuta, si mapema?

Kwa sababu ni wakati huo ndipo roketi inapokutana na baridi yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Imesimama kwenye jua la Florida, chuma chake kina joto, mabomba yake ni makavu. Kisha inaingizwa oksijeni ya kimiminika yenye nyuzi 183 chini ya sifuri na, kwa roketi nyingine, haidrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Chuma kinasinyaa. Mipira ya kuzibia inakuwa migumu. Valvu iliyofunguka vizuri jana inakwama, unyevu uliojificha kwenye bomba unaganda na kuziba njia.

Na si mafuta ya kujaza ndoo. Roketi ya SLS ya NASA, iliyorusha Artemis I, safari ya majaribio ya kuzunguka mwezi bila watu, ina urefu wa mita 98, na hatua yake kuu, yaani sehemu yake kubwa ya katikati, hubeba lita milioni 2 hivi za haidrojeni na lita 740,000 hivi za oksijeni. Unaweza kupima kila kipande kiwandani peke yake, lakini hakuna njia ya kujua vyote vitakaa vipi pamoja kwenye baridi hiyo mpaka umevijaza. Ndiyo maana mimi humshauri kila anayeuliza asingoje dakika kumi za mwisho tu. Anayetaka kujua kama roketi itaruka aanze kufuatilia mafuta yanapoanza kuingia.

Mbona kila mara ni haidrojeni inayovuja?

Molekuli ya haidrojeni ndiyo ndogo kuliko zote. Penye upenyo ambao maji, hewa, hata oksijeni haviwezi kupita, yenyewe inapita. Ukiwa na mtungi wa gesi jikoni unajua kwamba mara nyingi mtungi wenyewe hauna shida, shida iko pale regyuleta inaposhikana nao, kwenye kile kimpira kidogo. Kwa roketi pia ugonjwa huwa hapo: kwenye kiungo kinachounganisha bomba la ardhini na tumbo la roketi. Kiungo hicho kinatakiwa kibane sawasawa mafuta yanapopita, kisha kichomoke chenyewe roketi inapoondoka. Kazi mbili zinazopingana.

Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2022, wakati sisi Wakenya tulikuwa tunangoja Jumatatu yake tusikie uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu uchaguzi wa urais, NASA ilijaribu kwa mara ya pili kurusha Artemis I. Ilipangwa iruke kuanzia saa 3:17 usiku. Mchana haidrojeni ikaanza kuvuja kwenye kiungo cha bomba lenye upana wa inchi 8. Kikomo chao kilikuwa asilimia 4 ya haidrojeni katika hewa inayozunguka kiungo hicho, kwa sababu kuanzia hapo haidrojeni inaweza kushika moto. Vipimo vilionyesha mara mbili hadi tatu ya kiwango hicho. Wahandisi wakasimamisha mafuta, wakaacha kiungo kipate joto kidogo, wakarudisha baridi kwa matumaini kwamba mpira utajikalia upya. Wakajaribu pia kusukuma kwa heliamu. Haikukubali. Saa 12:17 jioni, mkurugenzi wa urushaji, Charlie Blackwell-Thompson, akaahirisha.

Tatizo hili halikuanza juzi. Mwaka 1990 uvujaji wa haidrojeni uliwazuia Wamarekani kurusha vyombo vyao vya Space Shuttle kwa miezi. Safari ya STS-35, iliyotarajiwa mwisho wa Mei, iliondoka tarehe 2 Desemba.

Kama inavuja hivyo, kwa nini wanaitumia?

Kwa sababu ya nguvu yake. Kwa kila kilo inayochomwa pamoja na oksijeni, haidrojeni husukuma roketi zaidi ya mafuta mengine yanayotumika kwa kawaida. Ukitaka kupeleka mzigo mzito mbali, tuseme mwezini, faida hiyo ni kubwa mno. Kampuni ya SpaceX imeamua kuikwepa: roketi yake ya Falcon 9 hutumia mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, na ile ya Starship hutumia methani. Hata hivyo hizo nazo hazikuikwepa oksijeni ya kimiminika, kwa hiyo baridi bado iko palepale. Starship ilipotaka kuruka mara ya kwanza, tarehe 17 Aprili 2023, valvu ya mgandamizo iliganda wakaahirisha. Iliruka tarehe 20.

Kwa nini fundi asiende tu akakaze nati?

Mara nyingi hawezi. Roketi ikishajazwa, eneo lote huhamwa, na watu hukaa kilomita kadhaa mbali. Kila kitu huendeshwa kutoka chumba cha udhibiti. Kusogea karibu na roketi iliyojaa ni kusogea karibu na bomu.

Lakini imewahi kufanyika, na ni kisa ambacho ningependa kila kijana anayesomea ufundi Nairobi akijue. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba 2022, Artemis I ikiwa kwenye jaribio lake la tatu, uvujaji ulitokea kwenye valvu ya haidrojeni iliyoko chini ya mnara wa kurushia. Ilikuwa bado giza huku kwetu. Wakatumwa watu watatu wa kikosi maalumu waliofunzwa kwa kazi hiyo tu. Wakaingia chini ya mnara, roketi imejaa juu yao, inatoa mvuke na milio ya chuma kinachosinyaa, wakakaza nati zilizokuwa zimelegea, wakatoka. Uvujaji ukaisha. Kisha swichi ya mtandao kwenye rada ya ulinzi wa eneo ikafa, ikabidi ibadilishwe. Saa 3:47 asubuhi, watu wa hapa mjini wakiwa tayari kazini, roketi ikapaa, dakika 43 baada ya muda wa kwanza uliopangwa.

Ukiulizwa nani alirusha Artemis I, wataje wale watatu pia.

Saa imesimama lakini mtangazaji anaongea kama kawaida. Imeahirishwa au la?

Huenda haijaahirishwa hata kidogo. Kwenye ratiba ya roketi nyingi kuna vituo vilivyopangwa tangu mwanzo, ambapo saa husimamishwa makusudi ili wahandisi wapate nafasi ya kumalizia kazi zilizochelewa. Ndiyo maana utasikia saa mbili tofauti. Moja, inayoanza na herufi L, huhesabu muda halisi uliobaki na haisimami kwenye vituo hivyo. Nyingine, inayoanza na T, hufuata hatua za kazi, na ndiyo inayosimama. Artemis I ilikuwa na kituo cha nusu saa T ikiwa imebaki dakika 10. Watu wengi walizima simu hapo wakidhani mambo yameharibika.

Dalili za kukutia wasiwasi ni nyingine: kituo kilichopangwa kimerefushwa, mafuta yaliyokuwa yanaingia kwa kasi yamerudishwa kuwa polepole au yamesimamishwa, au mtangazaji ametaja kiungo, valvu au kihisi fulani zaidi ya mara mbili. Ukisikia wameanza kuyatoa mafuta kwenye matangi, kalale.

Itaruka saa ngapi ya Nairobi?

Tangazo likitolewa kwa UTC, yaani saa za kimataifa, toa 3, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Jibu likifika 13 au zaidi, toa 12 tena. Saa ya UTC ikiwa chini ya 4, ongeza 12 kwanza. UTC 06:47 ni saa 3:47 asubuhi. UTC 18:17 ni saa 3:17 usiku. Hesabu hii haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu sisi hatubadilishi saa.

Wamarekani hubadilisha, na hapo ndipo wengi hupotea. Florida iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, halafu saa 8 miezi iliyobaki. California ni 10, kisha 11. Kourou, kituo cha roketi za Ulaya huko Guyana ya Ufaransa, ni 6 siku zote. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Na angalia tarehe: roketi ya Jumanne usiku Florida huwa ni ya Jumatano asubuhi kwetu.

Kwa nini Falcon 9 haingoji hata dakika tano?

Swali zuri, maana jibu lake liko kwenye mafuta. Oksijeni ya Falcon 9 hupozwa kupita kiasi cha kawaida, hadi kukaribia nyuzi 207 chini ya sifuri, ili ijikusanye na tangi libebe nyingi zaidi. Mafuta ya taa nayo hupozwa. Kwa hiyo huijaza dakika za mwisho: kazi huanza zikiwa zimebaki dakika 35 hivi, na ikiisha roketi inaondoka. Ikichelewa, oksijeni inaanza kupata joto na kutanuka, na faida yote inapotea.

Ongeza jambo la pili. Chombo kinachokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga kinatakiwa kuondoka wakati dunia imezungusha eneo la kurushia hadi chini ya njia ya kituo hicho. Wakati huo ni mfupi sana, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni sekunde ileile tu. Hitilafu ndogo ikitokea, safari imekwisha kwa siku hiyo. Tarehe 12 Machi 2025 wanaanga wa Crew-10 walikuwa wameshafungwa mikanda pale hitilafu ya haidroli kwenye mkono wa kushikilia roketi ilipowarudisha chini. Waliondoka tarehe 14.

Moshi mweupe unaotoka pembeni ni uvujaji?

Hapana. Ni oksijeni inayochemka na kutolewa nje makusudi ili tangi lisipasuke, ikigandisha unyevu wa hewa kuwa ukungu. Ukikatika ghafla dakika za mwisho usishtuke, wamefunga matundu ili matangi yapate mgandamizo wa kurukia.

Tatizo ni dogo. Kwa nini wasirudi kesho?

Wakati mwingine wanarudi kesho. Lakini kuondoa mafuta nako huchukua saa nyingi, na haidrojeni nyingi huwa imeshachemka na kwenda zake, kwa hiyo ghala la ardhini linahitaji kujazwa upya kwa malori. Kila kujaza na kuondoa huchosha matangi na mipira. Safari ya mwezini inategemea pia mahali mwezi ulipo, na siku zinazofaa huja kwa mafungu. Betri za mfumo wa kuiharibu roketi ikipotea njia nazo zina muda wake wa kukaguliwa.

Kisha kuna hali ya hewa. Baada ya kuahirishwa Septemba 3, Artemis I ilitengenezwa mpira ikiwa palepale kwenye jukwaa na ikajazwa kwa majaribio tarehe 21. Siku chache baadaye kimbunga Ian kikailazimisha kurudi ndani. Uvujaji wa kiungo kimoja ukawa miezi miwili na zaidi.

Nimesoma kichwa cha habari: "Roketi yashindwa kuruka." Ni kweli imeshindwa?

Hapana, na naomba waandishi wetu waliache neno hilo. Roketi iliyoshindwa ni ile iliyolipuka au kupeleka mzigo mahali pasipotakiwa. Iliyoahirishwa iko nzima, mzigo uko mzima, na watu wanajua jambo ambalo asubuhi hawakulijua. Julai 15, 2019, India ilisimamisha Chandrayaan-2, chombo chake cha kwenda mwezini, zikiwa zimebaki dakika 56, roketi ikiwa imejaa, uongozi wa nchi ukiwa umekuja kushuhudia. Kusimamisha mbele ya macho hayo kunahitaji ujasiri. Iliruka salama wiki moja baadaye, tarehe 22.

Ni kweli kwamba wakati mwingine kosa ni la kipimo. Tarehe 29 Agosti 2022, jaribio la kwanza la Artemis I liliahirishwa kwa sababu injini namba 3 ilionekana haijapoa vya kutosha kupokea mafuta. Baadaye wahandisi waliona kwamba injini ilikuwa sawa, kihisi ndicho kilichodanganya. Hata hivyo walifanya sawa. Kwa wakati ule hawakuwa na namna ya kujua, na injini yenye joto ikimezeshwa haidrojeni yenye baridi ile inaweza kuvunjika.

Kuna hatari ya kweli, au ni uoga wa wahandisi?

Mfano ninaoutumia unatuhusu sisi wenyewe. Tarehe 1 Septemba 2016, saa 10:07 alasiri ya hapa, Falcon 9 ililipuka kwenye jukwaa lake Cape Canaveral ikiwa inajazwa mafuta kwa ajili ya jaribio la injini. Safari yenyewe ilikuwa bado siku mbili. Juu yake ilikuwa imebeba setilaiti ya AMOS-6, ambayo Facebook ilikuwa imekodi sehemu yake ili kusambaza intaneti katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Na siku hiyohiyo Mark Zuckerberg alikuwa hapa Nairobi. Wengi wanaikumbuka kwa picha zake akila ugali na samaki kwa Mama Oliech. Huku mji ukizungumzia samaki, setilaiti iliyokusudiwa kutuletea intaneti ilikuwa imeteketea.

Uchunguzi uliishia kwenye chupa za heliamu zilizozamishwa ndani ya tangi la oksijeni. Oksijeni ile iliyopozwa kupita kiasi ilinaswa kati ya ganda la nyuzi za kaboni na bati la ndani, ikashika moto. Hakuna injini iliyowashwa. Yalikuwa mafuta tu yanaingia. Hakuna aliyeumia, kwa sababu eneo lilikuwa limehamwa kama sheria inavyotaka. Mtu akiniambia wahandisi wanaogopa mno, humsimulia siku hiyo.

Kenya tumewahi kurusha roketi? Zetu zilikuwa na matatizo haya?

Kutoka ardhi yetu, ndiyo, ingawa roketi hazikuwa zetu. Jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi na Waitaliano, lilirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani, iliondoka pale tarehe 12 Desemba 1970 na ikapewa jina hilo kwa heshima ya siku yetu. Roketi za Scout zilizotumika hapo zilikuwa na mafuta magumu yaliyopakiwa tangu kiwandani, kwa hiyo hapakuwa na bomba la kuvuja wala oksijeni ya kuchemka.

Taifa-1, setilaiti yetu ya kwanza ya kuangalia dunia, iliyobuniwa na wahandisi Wakenya kwa gharama ya shilingi milioni 50, ilitumia njia ya kimiminika. Iliondoka Vandenberg, California, kwa Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023, saa 3:48 asubuhi ya hapa, baada ya kuahirishwa kwa siku kadhaa kwa ajili ya hali ya hewa. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo mara ya kwanza tulingoja roketi kwa moyo wa mwenye mali, na nilipenda kuona watu wasiowahi kujali mambo ya anga wakiulizana kwenye matatu kama upepo wa juu umetulia.

Nitafuatiliaje bila kumaliza bando?

NASA na kampuni nyingi hurusha matangazo bure kwenye YouTube. Saa za kujaza mafuta, picha haibadiliki sana: roketi imesimama, inatoa ukungu. Shusha ubora hadi 144p na usikilize sauti, au soma taarifa za maandishi, kisha pandisha picha zikibaki dakika 15. Chaji simu mapema, stima haina adabu siku kama hizo. Jihadhari na kurasa bandia zinazojifanya ni za SpaceX na kuonyesha Elon Musk akiahidi kuzidisha pesa za kidijitali utakazomtumia. Hujitokeza hasa siku za roketi kubwa, na ni wizi.

Tutaiona ikipita juu ya Nairobi?

Ikiondoka Florida, kwa kawaida hapana. Unachoweza kuona ni kituo cha kimataifa cha anga kikipita baada ya jua kuzama, nuru kali inayokwenda bila kupepesa.

Nimwamshe mtoto usiku wa manane kwa roketi ambayo huenda isiruke?

Muulize yeye jioni, na umwambie ukweli kwamba huenda isiruke. Akikubali, mpe daftari. Aandike saa mafuta yalipoanza kuingia, saa ya T ilisimama wapi, mtangazaji alitaja kifaa gani, na yeye mwenyewe anadhani shida ni nini. Ikiahirishwa, wahandisi kwa kawaida hueleza sababu siku hiyohiyo au siku chache baadaye. Mkae tena mlinganishe na alichoandika. Akikuuliza swali ambalo halimo hapa, tuletee.